Mwitiko wa Mwajabu

Njia ya kufika nchi ya Mawinguni haina haja ya kuelezwa. Siku hizi kila mwenye simu au kompyuta anaijua, na asiyeijua ana mtoto anayeijua. Kinachostahili kusimuliwa ni yale aliyoyaona Hidaya binti Mbwana alipofika huko, nami nitayasimulia kwa utulivu kadiri nitakavyoweza, ingawa kila nikiyakumbuka natamani kuvunja kitu.

Hidaya alikuwa mwalimu wa darasa la tatu mjini Korogwe, mwanamke wa makamo, mpole kwa watoto na mkali kwa wazazi wao. Hakwenda Mawinguni kutalii. Alimfuata mdogo wake Mwajabu, ambaye tangu ile ajali ya pikipiki miguu yake haikumbeba tena, na kitanda kikawa ndiyo dunia yake. Lakini Mawinguni Mwajabu alikuwa anatembea. Alikuwa na nyumba aliyoijenga mwenyewe, na bustani ya asumini, na ujia wa mchanga alioutandaza kwa sababu moja tu, apate kupita juu yake bila viatu. Wako wanaosema hayo ni michezo ya kompyuta, na kwamba nyumba ya huko si nyumba. Waseme. Wao huamka asubuhi wakashusha miguu sakafuni bila hata kuifikiria.

Sasa vyote hivyo vilikuwa hatarini. Sheria kuu ya Mawinguni ni methali: asiyekuwapo na lake halipo. Kila msimu raia wote hukusanyika katika uwanja wa Mnara Mkuu, wakaitwa majina mmoja mmoja, na kila aitwaye hutakiwa aitike kabla kengele haijagongwa. Asiyeitika hutangazwa hayupo. Hapo nyumba yake hufutwa, mwili wake wa kule hufutwa, na jina lake halipokelewi tena langoni, si kesho wala milele. Misimu iliyotangulia Mwajabu aliponea chupuchupu. Msimu huu hali ilikuwa mbaya zaidi, maana akimwambia jirani yake wa huko "hujambo" chai ikiwa motoni, jirani aliisikia kikombe kikiwa kimeshaoshwa. Wenyewe wa kule ugonjwa huo huuita ukawio.

Nyumbani walikuwa wamekwisha jaribu kila dawa. Kisanduku cha intaneti kilihamishwa kutoka sebuleni kikawekwa juu ya kabati la nguo, kikatoka kabatini kikaning'inizwa dirishani, kikaishia kulazwa kitandani ubavuni mwa Mwajabu kama mtoto mchanga. Waya ukabadilishwa. Bando likaongezwa. Wapwa wakakatazwa kutazama mpira hata timu yao ilipoingia fainali. Fundi alikuja, akapima, akapima tena, akasema kwenu hapa maji yanatoka kwa kasi, kama ndoo haijai basi imetoboka huko huko. Na kila walipopiga simu Mawinguni, sauti tamu ya msichana iliwaita wapendwa, ikawaambia wazime, wasubiri, wawashe. Wakazima, wakasubiri, wakawasha. Hidaya akachoka kuitwa mpendwa. Akasema atakwenda mwenyewe akawaone ana kwa ana, akaazima miwani ya kuingilia, akaketi pembeni mwa kitanda kile kile alicholala mdogo wake, na Mwajabu naye akavaa yake.

Juu ya lango la Mawinguni pameandikwa kwa herufi za dhahabu: KAWIA UFIKE. Wageni hupokelewa vizuri mno. Hidaya alipewa kiti chini ya Mnara Mkuu, karibu na chemchemi, na kila alichokisema kilisikika papo hapo, mkono aliouinua uliinuka, hata akajiuliza watu wanalalamika nini. Aliyempokea alikuwa Mheshimiwa Shamte, Mkuu wa Idara ya Ukawio, bwana mnene mwenye kanzu iliyodariziwa mpaka ndani ya mifuko. Mheshimiwa alimweleza kwamba mgeni lazima apewe kasi, kwa sababu mgeni ndiye atakayekwenda kuisifu nchi huko nje. Hidaya akamuuliza ikoje akishahamia. Mheshimiwa akatabasamu, akasema wahenga walikwisha sema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akishahamia hupelekwa Pembezoni, mbali na Mnara, kama wenziwe.

Akamweleza pia utaratibu. Mawinguni hakuna neno linalotoka kinywani likaingia sikioni moja kwa moja. Kila neno, kila hatua, hata chafya, hufunga safari kwanza mpaka Mnarani likathibitishwe kuwa limetokea, ndipo lirudi kwa anayehusika. Mpaka Mnara uthibitishe, halijatokea. Wanaoishi karibu na Mnara hawaoni tabu yoyote, maana kwao kwenda na kurudi ni kufumba na kufumbua. Wa Pembezoni ndio wanaoujua urefu wa njia, na aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Hidaya akaenda Pembezoni kwa mdogo wake. Huko alikuta desturi ambazo mtu wa Korogwe angedhani watu wamerukwa na akili. Wakikutana njiani huanza na kwaheri, ili ifike wakati wa kuachana. Husema "sijambo" kabla ya kuulizwa. Kijana akichumbia, jibu la binti humkuta ameshakata tamaa, yuko nyumba ya pili anachumbia mwingine. Wagombanao hutukanana, wakasuluhishwa, wakaketi kula pamoja, na hapo ndipo matusi yao huwasili, ugomvi ukaanza upya juu ya sinia. Hawacheki ovyo, kwa kuwa hakuna ajuaye kicheko kitamwangukia nani. Kipo kimoja kilichoangukia msibani, na aliyekicheka hajasamehewa hadi leo.

Mwajabu alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yake. Hidaya aliisikia sauti yake kutoka kitandani Korogwe, wazi kabisa, ikimwambia karibu dada, pita ndani. Lakini Mwajabu wa kule alisimama kimya, mdomo umefungwa. Hidaya akangoja. Akatazama paa, akatazama kisima, akatazama paa tena. Mwishowe Mwajabu wa kule akafungua mikono, akasema karibu dada, pita ndani, kwa furaha ile ile, neno kwa neno, kisha akashuka ngazi akaja kumlaki. Alikuwa ameiagiza hatua hiyo mapema, kabla dada yake hajafika kwenye ua, ili imkute. Hidaya hakuwa amemwona mdogo wake akitembea tangu ajali. Alikuwa amekuja kugombana na watu, na sasa akasimama pale kwenye mchanga akilia kama mmoja wa wanafunzi wake.

Alipokwisha kulia ndipo akaona kwamba Mwajabu hakuwa na kivuli. Nyumba nayo haikuwa nacho, na asumini zilikuwa za kijivu. Jirani yao, Bwana Pandu, aliyekuwa ameketi barazani kwake, hakuwa na pua wala vidole, na magoti yake yalikuwa pembe tupu kama za meza. Pandu ndiye aliyeeleza, naye alieleza bila uchungu wowote, jambo lililomuudhi Hidaya kuliko kukosekana kwa pua yenyewe. Idara ya Ukawio ilitangaza kuwa watu wa Pembezoni wanachelewa kwa sababu wamebeba vingi. Wakaambiwa watoe vivuli, wakatoa, na ukawio ukabaki. Wakaambiwa watoe rangi za maua, kisha majani ya miti, kisha makunyanzi ya nyuso. Yeye, kwa kuwa ni raia mwema, alitoa pua kabla hajaombwa. Hidaya akamuuliza kama alipata nafuu. Pandu akafikiri, akasema nafuu hakupata, lakini alipata shukrani. Hidaya akaikumbuka ile chemchemi ya Mnarani, ambayo kila tone lake lina kivuli, na hicho kivuli nacho kina kivuli.

Dawa nyingine ya Idara ilikuwa kutoka na kuingia tena. Kila asubuhi nusu ya Pembezoni ilipanga foleni langoni, watu wakatoka nje, wakasimama wakitazamana, wakaingia. Walioingia waliulizwa kama wanajisikia vizuri, na kwa kuwa maswali yalifika wakiwa wameshafika nyumbani, Idara iliripoti kwamba hakuna aliyelalamika.

Hidaya akamuuliza mdogo wake kwa nini asiitike mapema, kama alivyoiagiza hatua yake mapema. Mwajabu akacheka kitandani, na baadaye akacheka na kule. Watu walishafanya hivyo, akasema. Mwitiko ukatangulia jina, wakubwa wakaona ni jeuri, ikatungwa sheria kwamba anayeitika kabla hajaitwa afutwe pale pale. Na majina ya Pembezoni hayaitwi kwa mpangilio wowote, kwa hiyo hakuna wa kubahatisha.

"Mimi sitaki chochote kikubwa, dada," Mwajabu akasema. "Nataka tu nikiitwa wanisikie."

Hidaya akarudi Mnarani akiifuata Njia ya Maneno, na hapo ndipo alipouona ugonjwa wenyewe kwa macho yake. Katika nchi ile neno likiwa safarini huonekana, taa ndogo inayotembea. Yalipotoka Pembezoni maneno yalikuwa yanakimbia. Yalipolikuta lango yakasimama. Langoni alikuwapo afisa, na afisa huyo alilisimamisha kila neno akaliuliza limetoka wapi, limetoka lini, na kwa nini limechelewa. Neno likajieleza. Afisa akalionya lisirudie tena, akalifungulia. Mbele kidogo palikuwa na lango jingine, na afisa mwingine, na maswali yale yale, isipokuwa sasa neno lilikuwa na kosa jipya la kueleza, la kuchelewa kwenye lango la nyuma. Hidaya alipita malango mpaka akachoka kuyahesabu. Aliona "pole" ya mtu ikingoja nyuma ya "nakupenda" ya mtu mwingine, na nyuma ya hizo "moto, tokeni" ikiwa imepanga foleni kwa adabu. Damu ikampanda kichwani. Mambo ya Mwenyezi Mungu mtu huyavumilia, lakini haya yalikuwa ya watu, tena watu waliokaa vitini wanakunywa chai.

Alimkuta Mheshimiwa Shamte akitazama chemchemi, akamwambia alichokiona. Mheshimiwa alifurahi sana. Alisema malango yale ndiyo fahari ya Idara yake. Kila wananchi walipolalamika, Idara haikukaa kimya, iliongeza lango. Hakuna nchi nyingine, alisema, inayouchunguza ukawio kwa bidii kama Mawinguni.

Hidaya akauliza kwa sauti ile anayoitumia darasani mtoto akidai daftari lake limeliwa na mbuzi. "Neno likiwa linahojiwa, linakwenda au limesimama?"

"Limesimama, mwalimu. Litahojiwaje likikimbia?"

"Basi mnaolichelewesha ni ninyi."

Mheshimiwa Shamte akaiacha chemchemi, akamtazama. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo linalonikera mimi ninayesimulia. Mjinga husamehewa. Kwa muda mfupi uso wake ulionyesha wazi kwamba ameelewa, na kwamba pengine alikuwa ameelewa tangu zamani. Kisha uso ukafungwa, akasema hayo ni madai mazito, na madai mazito lazima yachunguzwe.

Baraza likaitishwa siku hiyo hiyo. Mjumbe wa kwanza alisimama akasema haraka haraka haina baraka, akashangiliwa. Wa pili akasema malango yasionewe, yapakwe rangi tu. Wa tatu, aliyesifika kwa elimu, alitoa hotuba ndefu kuthibitisha kwamba ukawio haupo, kwa kuwa yeye akizungumza na wenzake hapo barazani hajawahi kuuona. Kisha Hidaya akaruhusiwa kusema. Aliwaomba wayafungue malango, basi, hata kama ni kwa siku moja, maana kesho yake ilikuwa Siku ya Mwitiko na mdogo wake angeitwa. Aliwaeleza habari za miguu ya Mwajabu, jambo ambalo hakupenda kulieleza mbele ya watu. Wakamsikiliza vizuri, wengine wakatikisa vichwa kwa huruma. Wakapiga kura, na uamuzi ukasomwa. Kwa kuwa mgeni amedai kwamba maneno hucheleweshwa malangoni, liongezwe lango moja jipya, mbele ya Mnara wenyewe, ambapo kila neno litaulizwa kama lilicheleweshwa malangoni. Na kwa heshima ya aliyeleta hoja, liitwe Lango la Mwalimu Hidaya. Kisha wote wakasimama wakampigia makofi.

Hidaya aliwaambia ni wapumbavu. Aliwaambia kwa Kiswahili, akaona hakitoshi, akawaambia na kwa Kizigua. Makofi hayakukoma, kwa kuwa katika Baraza la Mawinguni makofi yakishapitishwa hayawezi kusimamishwa bila hoja maalumu. Akavua miwani, akaenda jikoni kumkorogea mdogo wake uji. Alimnywesha uji huo bila kupata ulimi wa kumwambia kwamba safari yake yote ilikuwa imezaa lango.

Kesho yake uwanja wa Mnara ulifurika. Watu wa Pembezoni walikuwa wameiagiza miili yao alfajiri ili iwahi kufika, nayo ilisimama kwa safu, isiyo na vivuli, mingine haina nyuso za kutosha kujulikana ni nani. Mwajabu alikuwa safu ya mbele, miguu mitupu, kanga imefungwa vizuri kiunoni. Mwiti Mkuu, ambaye kazi yake ni kuita majina na kugonga kengele, alianza na watu wa Mnarani. Jina, naam, jina, abee, jina, naam, likiisha hili linafuata hili, mpaka wakubwa wakapongezana jinsi kazi inavyokwenda. Kisha akaanza Pembezoni, ambako mwito wake hufika papo hapo, maana sauti ya Mwiti Mkuu haihojiwi malangoni.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Pandu. Mwiti Mkuu akangoja kiasi kile alichongoja misimu yote, si zaidi wala si pungufu, maana alikuwa mtu wa haki. Misimu yote "naam" ya Pandu ilikuwa ikifika kengele ikiwa imeshainuliwa. Safari hii kengele iliinuliwa, ikagongwa, na "naam" ilikuwa bado ikijieleza kwenye Lango la Mwalimu Hidaya. Hidaya aliiona kutoka kitini kwake, taa ndogo imesimama mbele ya afisa. Pandu akatangazwa hayupo, akafutwa. Raia mwema yule aliyetoa pua yake mwenyewe, mahali pake pakabaki peupe.

"Mwajabu binti Mbwana."

"Abee!"

Hidaya aliisikia pale pale, kitandani, ubavuni mwake, sauti nzima yenye nguvu, hata godoro likatikisika. Mwajabu wa uwanjani alisimama wima, mdomo umefungwa.

Hidaya akainuka kwenye kiti cha mgeni. "Ameitika," akasema. "Nimemsikia mimi."

Mwiti Mkuu akamgeukia kwa heshima. "Umemsikia wapi?"

"Chumbani. Tumekaa kitanda kimoja."

"Chumba hicho kiko wilaya gani ya Mawinguni?"

"Hakiko Mawinguni. Kiko Korogwe."

"Basi hakipo," Mwiti Mkuu akasema, wala hakukusudia ubaya.

Hidaya akamwonyesha kwa kidole. "Huyu hapa, amesimama mbele yako. Mimi ni mwalimu, naita majina kila siku ya Mungu. Mtoto asipoitika huwa nainua macho nikatazama dawati lake. Nakuomba uinue macho, kaka yangu. Tazama tu."

Mwiti Mkuu akainua macho. Alimwona. Uwanja mzima ulimwona, mwanamke mrefu aliyesimama juu ya miguu yake. Mwiti Mkuu akamtazama Mheshimiwa Shamte, naye Mheshimiwa akaitazama chemchemi. Basi Mwiti Mkuu akasema kwamba kuona si kazi ya Ofisi ya Mwitiko, ofisi yake imepewa kusikia, na mtu akianza kufanya kazi za ofisi nyingine nchi itaharibika. Akaigonga kengele.

"Hayupo."

Yote aliyoyasema Hidaya baada ya hapo siwezi kuyaandika, lakini nayaunga mkono, neno kwa neno. Kwa kuwa alikuwa mgeni, kila tusi lilifika papo hapo likiwa na joto lake. Alikimbia akamshika mdogo wake mabegani. Walimfuta kuanzia chini. Nyayo zilikwenda kwanza, kisha vifundo, kisha magoti, na Hidaya akabaki ameshika mabega ambayo hayakusimama juu ya kitu chochote, mpaka nayo yakatoweka mikononi mwake. Wakati wote huo alikuwa anamsikia Mwajabu kitandani akirudia kuita kwa uchangamfu, abee, nipo, nipo hapa jamani, kwa kuwa habari ya kufutwa kwake nayo ilikuwa njiani, ikihojiwa malangoni kama habari nyingine yoyote.

Mwiti Mkuu aliita jina lingine, akagonga, akaita lingine. Alikuwa amevuta pumzi aite la tatu pale sauti iliposikika kutoka mahali patupu alipokuwa amesimama Mwajabu.

"Abee!"

Ilikuwa imefika salama, haikupungukiwa hata herufi. Ikafuatwa na nipo, ikafuatwa na nipo hapa jamani. Watu wote uwanjani waligeuka wakapatazama pale. Mama mmoja wa Mnarani, aliyevaa vito vyenye vivuli, alishika mdomo wake.

Mheshimiwa Shamte aliinama akanong'ona na wenzake, na baada ya mashauri mafupi ikaamuliwa kwamba sauti isiyo na mwenyewe ni kelele. Maafisa wawili wakaagizwa kuyakusanya maneno yale na kuyarudisha kwenye lango la kwanza, yakaulizwe ni ya nani. Mwiti Mkuu akakohoa kidogo, akaita jina lililofuata.

Hidaya akavua miwani. Chumbani Korogwe jua la mchana lilikuwa limeingia mpaka kwenye shuka. Mwajabu alikuwa bado amevaa yake, uso ameuelekeza juu, amekaza shingo kama mtu anayejaribu kuona kitu cha mbali.

"Dada, upo?" akauliza. "Huku kumeingia giza. Wamenisikia?"

Hidaya alimtazama. Kisanduku cha intaneti kilikuwa kimelala kati yao, taa zake zote zinawaka kijani, hakina kosa lolote.

"Wamekusikia," akasema. "Uwanja mzima."

Mwajabu akashusha pumzi ndefu, akacheka, akasema basi Mungu mkubwa, na hilo giza lisitutishe, ni ukawio tu, leo umezidi kidogo. Akaiweka miwani yake vizuri, akakunja mikono juu ya shuka, akaanza kungoja.